Viambishi vya mahali vya Kifini katika lugha ya siasa: tuviwekeje katika Kiswahili?

Mtafsiri wa Sakina, Arusha

Ndugu zangu, salaam. Ninafanya kazi ya kutafsiri hapa Arusha, na kwa sasa nimeshika maandishi ya elimu ya uraia ya Ufini ambayo dada yangu anayeishi Tampere ameniomba niyaweke katika Kiswahili, kwa faida yake na ya wasemaji wengine wa Kiswahili wa mji huo, ambao baadhi yao wametokea Kongo. Jambo lenyewe lina uzito. Sheria ya Ufini inamruhusu hata mgeni asiye raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya wala ya Nordiki (kaskazini mwa Ulaya) kupiga kura katika uchaguzi wa manispaa, mradi awe amekaa nchini humo miaka miwili mfululizo. Uchaguzi wa mwisho wa aina hiyo ulifanyika tarehe 13 Aprili 2025, na hufanyika kila baada ya miaka minne, kwa hiyo ningependa watu hawa wafike kwenye uchaguzi unaofuata wakiwa wanaelewa kila sentensi ya maelezo wanayopewa.

Kifini nimejifunza cha kunitosha kusoma gazeti nikiwa na kamusi mkononi. Kinachonikwamisha ni miisho ya maneno. Neno *hallitus*, yaani serikali, linanijia mara *hallituksessa*, mara *hallituksesta*, mara *hallitukseen*, na katika kurasa nyingine *hallituksella*, *hallitukselta* na *hallitukselle*. Vitabu vya sarufi vinaeleza kwamba nomino ya Kifini ina hali kumi na tano, yaani maumbo yanayoonyesha kazi ya nomino katika sentensi, na kwamba sita kati ya hizo ni za mahali: tatu za ndani na tatu za nje, na katika kila kundi moja ya kukaa, moja ya kutoka na moja ya kuingia au kuelekea. Nikisoma habari za nyumba na meza sipati taabu: *talossa* ni ndani ya nyumba, *pöydällä* ni juu ya meza. Lakini serikali haina sakafu wala kuta. Ni nini basi kinachoamua kwamba hapa itumike ya ndani na pale itumike ya nje?

Kiswahili chetu kina kiambishi kimoja tu, *-ni*: bungeni, serikalini, madarakani, chamani. Kiambishi hicho hakisemi kama mtu amekaa, anaingia au anatoka. Kazi hiyo hufanywa na kitenzi, au na neno kama *kutoka*. Je, nikikutana na umbo la Kifini la kutoka, inatosha kuandika *-ni* na kutafuta kitenzi kinachofaa? Na mbona nakutana na sentensi kama *puolue jäi oppositioon*, ambayo kamusi inanieleza kuwa ni chama kilibaki upinzani, ilhali mwisho wa neno ni ule wa kuingia? Mtu anabakije kwa kuingia?

La mwisho ni kuhusu Urusi. Nchi nyingi nimeziona zikichukua hali za ndani: *Suomessa* ni nchini Ufini, *Ruotsissa* ni nchini Uswidi, *Tansaniassa* ni nchini Tanzania. Urusi peke yake naiona ikiandikwa *Venäjällä*, kwa hali ya nje. Kwa kuwa nchi hizo mbili zina historia ngumu ya ujirani, nimejiuliza kama huo ni msimamo wa kisiasa uliojificha ndani ya sarufi. Naomba msaada wenu.

Mwalimu wa Majengo, Moshi

Dada yangu wa Sakina, hongera kwa kazi hiyo. Kwa miaka mingi nimewafundisha Kiswahili Wafini wanaokuja kufanya kazi huku Kaskazini, nao ndio walionivuta nisome sarufi ya lugha yao.

Tuanze na umbo lenyewe, kwa sababu ukiliona vizuri mengi yanakuwa mepesi. Hali za ndani zina herufi *s* katika mbili kati ya tatu: *-ssa* ya kukaa, inayoitwa inesivu, na *-sta* ya kutoka, inayoitwa elativu. Hali za nje zina *l* katika zote tatu: *-lla* ya kukaa, adesivu, *-lta* ya kutoka, ablativu, *-lle* ya kuelekea, alativu. Wataalamu wa historia ya lugha wanaeleza kwamba *s* ilikuwa alama ya undani na *l* alama ya ujirani au uso wa kitu, kisha ikafuatwa na kiambishi cha zamani zaidi, *-na* cha kukaa au *-ta* cha kutoka, vikaungana. Ya kuingia ndani, ilativu, ndiyo yenye sura nyingi: *valta* huwa *valtaan*, *hallitus* huwa *hallitukseen*, *puolue* (chama) huwa *puolueeseen*, *vaalit* (uchaguzi) huwa *vaaleihin*. Hiyo inabidi uizoee neno kwa neno.

Utunze pia jambo moja litakalokuokolea muda katika kamusi. Konsonanti za katikati ya neno hudhoofika katika hali nyingi lakini si katika ilativu. Bunge ni *eduskunta*; ndani yake ni *eduskunnassa*, kutoka humo ni *eduskunnasta*, lakini kuingia humo ni *eduskuntaan*. Wadhifa ni *virka*. Akiwa katika wadhifa ni *virassa*, akitoka ni *virasta*, akiingia ni *virkaan*. Asiyelijua hili anaweza kulitafuta neno *vira* katika kamusi siku nzima.

Sasa swali lako kubwa, la ndani na nje. Kanuni ninayoiona katika maneno ya siasa ni kwamba chombo chochote ambacho watu huwa wanachama wake, au wajumbe wake, huchukuliwa kuwa kitu chenye ndani. Serikali, bunge, chama, kamati, halmashauri na hata upinzani, vyote hivyo mtu huwamo. Halmashauri ya mji ni *kaupunginvaltuusto*. Mjumbe wake yumo *valtuustossa*, anayegombea anataka kuingia *valtuustoon*. Hapa Kiswahili hakiko mbali kama unavyodhani, maana sisi tuna *yupo*, *yuko* na *yumo*, na mtu anayesema kwa uangalifu atasema waziri fulani *yumo* serikalini akimaanisha ni sehemu ya serikali, na atasema *yuko* serikalini au *yupo* ofisini akimaanisha mambo mengine. Undani ambao Kifini huuweka mwishoni mwa nomino, sisi tunauweka katika upatanisho wa kisarufi. Kwa hiyo usiseme tuna *-ni* peke yake. Tuna *-ni* pamoja na *pa-*, *ku-* na *mu-*, na ni vema tafsiri yako iutumie utajiri huo.

Nchi mpya inapoingia katika umoja fulani, hesabu ni ileile. Ufini ilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 1995 na ikajiunga na NATO tarehe 4 Aprili 2023. Wafini wanaandika *EU:hun* na *Natoon*, kwa ilativu, na tangu hapo Ufini imo *EU:ssa* na *Natossa*. Usishangae ukiona nukta mbili katikati ya kifupisho na kiambishi chake, ndivyo wanavyoandika.

Nguvu ya kutawala nayo wanaihesabu kuwa mahali, na hapa tunalingana nao kabisa. Kuwa madarakani ni kuwa *vallassa*, kuingia madarakani ni kupanda *valtaan*, kuachia madaraka ni kuachana nayo *vallasta*. Neno hilo *valta* utalikuta ndani ya *tasavalta*, jamhuri, na ndani ya *kansanvalta*, utawala wa watu. Mfini na Mswahili, waliokulia mbali hivi, wote wanamwona mtawala kama mtu aliyeingia mahali na ambaye siku moja atatoka.

Hali za nje zina mambo matatu tofauti, na ni muhimu usiyachanganye. La kwanza ni mahali halisi palipo wazi au palipoinuka. Jengo la Bunge la Ufini, lililokamilika 1931, liko Helsinki kwenye kilima kinachoitwa Arkadianmäki, na waandishi wa habari wakisema *Arkadianmäellä*, kwa adesivu, wanamaanisha bungeni, kama vile sisi tulivyozoea kusema Magogoni tukimaanisha Ikulu ya Dar es Salaam. Bunge lenyewe huchukua hali ya ndani, kilima chake huchukua ya nje, na wanaozungumzwa ni wabunge walewale 200. Vivyo hivyo mji wa dada yako: Tampere huwa *Tampereella*, na Vantaa huwa *Vantaalla*, lakini Helsinki huwa *Helsingissä* na Turku huwa *Turussa*. Hakuna kanuni ya kukueleza yote; majina ya miji yana mazoea yake.

La pili ni watu. Mtu hana ndani, kwa hiyo kumpa mtu kitu ni *-lle* na kupokea kutoka kwake ni *-lta*. Waziri mkuu anapojiuzulu huwasilisha barua *presidentille*, kwa rais. Sisi pia hatusemi *raisini*. Tunasema *kwa rais* na *kutoka kwa rais*. Mpaka huu kati ya vyombo na watu upo katika lugha zote mbili.

La tatu ndilo lenye hatari. Kifini hakina kitenzi cha *kuwa na*. Umiliki huonyeshwa kwa adesivu. Angalia sentensi hizi mbili. *Hallituksessa on neljä puoluetta*: ndani ya serikali mna vyama vinne, na ndivyo ilivyo serikali ya waziri mkuu Petteri Orpo iliyoundwa Juni 2023. *Hallituksella on enemmistö eduskunnassa*: serikali ina wingi wa viti bungeni. Ya kwanza ni mahali, ya pili ni umiliki, na tofauti yake machoni ni herufi chache tu. Ukiandika *serikalini kuna wingi wa viti*, msomaji hatapata maana yoyote. Kila uonapo *-lla* kwenye jina la chombo, jiulize kwanza kama kinachosemwa si *ina*.

Kuhusu Urusi, hapana, hakuna siasa ndani yake. Ni mazoea ya zamani ya lugha, kama yale ya Tampere, na hakuna Mfini anayeisikia *Venäjällä* kama tusi au sifa. Visiwa vingi navyo huchukua hali za nje, maana mtu huwa juu ya kisiwa. Ndiyo maana gazeti la Helsinki litaandika *Tansaniassa* kwa nchi nzima lakini *Sansibarilla* kwa Zanzibar. Asije mtu akasoma humo maoni kuhusu Muungano wetu.

Mtafsiri wa Sakina, Arusha

Shikamoo mwalimu, na asante sana. Jambo la *ina* na *mna* limenifungulia ukurasa mzima, kwa sababu katika maandishi haya kuna aya inayoeleza madaraka ya manispaa, na kila sentensi inaanza na *kunnalla on*. Sasa naona kwamba ni *manispaa ina*: ina wajibu, ina haki ya kutoza kodi, ina shule.

Nimejaribu kanuni yako kwenye sehemu inayoeleza siku ya kupiga kura na imenishikia vizuri. Mpiga kura anafika *äänestyspaikalle*, kwenye kituo, kwa hali ya nje. Anaingia *äänestyskoppiin*, ndani ya kituturi, kwa hali ya ndani. Humo anaandika namba ya mgombea wake kwenye karatasi, karatasi inagongwa muhuri, kisha anaitumbukiza *vaaliuurnaan*, ndani ya sanduku la kura. Kiswahili kinabeba yote hayo bila kulazimishwa, kwa *kufika kituoni*, *kuingia kwenye kituturi* na *kutumbukiza sandukuni*. Lakini mgombea mwenyewe anaelezwa kuwa yuko *ehdolla*, kwa adesivu, na hapo sioni mahali wala umiliki. Na lile la kubaki upinzani bado halijajibiwa.

Mkalimani wa Usa River

Naomba niingie hapo, kwa heshima zote kwa mwalimu wetu wa Moshi, ambaye maelezo yake ya ndani na nje nayakubali. Ninachotaka kuongeza ni kwamba katika Kifini mwenye kauli ya mwisho mara nyingi ni kitenzi, na mtafsiri akianza kutafuta mahali katika kila kiambishi atachoka bure.

Dada wa Sakina, *olla ehdolla* ni msemo uliokamilika: maana yake ni kuwa mgombea, na *asettua ehdolle* ni kujitokeza kugombea. Andika *anagombea* na uendelee.

Kuhusu kubaki, kitenzi *jäädä* hutaka hali ya kuingia, basi. Mfini anakuona kubaki kama tukio lenye matokeo: hali ya mambo ingeweza kubadilika, na mwisho wake ni kwamba mtu amekuwa pale na si kwingine. Ndugu yake ni *joutua*, kujikuta mahali pasipo hiari yako, ambacho nacho hutaka ilativu. Mfano mzuri wa yote mawili ni yale ya Juni 2017. Chama cha Perussuomalaiset kilikuwa serikalini pamoja na chama cha waziri mkuu Juha Sipilä. Kilipomchagua Jussi Halla-aho kuwa mwenyekiti, Sipilä alikataa kuendelea naye, na mawaziri wa chama hicho wakajitenga pamoja na wabunge wenzao, wakaunda kundi jipya. Kwa Kifini mawaziri *jäivät hallitukseen* na chama *joutui oppositioon*. Nomino zote mbili zina kiambishi kilekile cha kuingia, ilhali kwa kweli mawaziri hawakusogea hata hatua moja na chama ndicho kilichohama. Kwa Kiswahili ningeandika: *mawaziri walibaki serikalini, na chama kikajikuta upinzani*. Mwendo wote uko katika *walibaki* na *kikajikuta*. Neno *upinzani* lenyewe hatulipi *-ni*, kama tusivyoipa Ikulu, wala msomaji hapotei.

Sasa niseme ninapotofautiana na mwalimu kidogo. Kuna vitenzi vingi vya siasa ambavyo hali ya mahali imebaki kuwa kamba ya kufungia nomino kwenye kitenzi tu. *Luottaa hallitukseen* ni kuwa na imani na serikali. *Vaikuttaa päätöksiin* ni kuathiri maamuzi. *Tutustua ehdokkaisiin* ni kuwafahamu wagombea. *Äänestää laista* ni kupigia kura sheria, na *puhua politiikasta* ni kuzungumza habari za siasa, ingawa *-sta* ni ya kutoka ndani. Hapa hakuna anayeingia serikalini wala anayetoka ndani ya sheria. Maandishi yako bila shaka yana pia *osallistua vaaleihin*, kushiriki uchaguzi, na *äänestää vaaleissa*, kupiga kura katika uchaguzi. Nomino ni ileile, hali ni mbili, na Kiswahili hakihitaji kuonyesha tofauti hiyo hata kidogo. Ushauri wangu ni kwamba utengeneze orodha ya vitenzi, kila kimoja na hali kinayoitaka, uitegemee hiyo kuliko picha ya nyumba yenye mlango.

Mwalimu wa Majengo, Moshi

Mkalimani wa Usa River amesema kweli kuhusu orodha ya vitenzi, nami nitaongeza kwamba kila Mfini anayefundisha lugha yake huwapa wanafunzi orodha kama hiyo. Lakini siikubali kauli kwamba katika *luottaa hallitukseen* mahali pamekufa kabisa. Imani inaelekezwa serikalini na kutua humo, na Mfini akikosa imani anaweza kuiondoa. Tofauti kati ya kuelekea na kutoka inaishi katika akili ya msemaji hata pale ambapo hawezi kuieleza. Mtafsiri ana haki ya kuipuuza, ila mwanafunzi wa lugha ataikumbuka kanuni kwa urahisi zaidi akiiona picha yake.

Nafasi hii niitumie kutaja hali mbili ambazo hazihesabiwi kuwa za mahali lakini katika siasa utakutana nazo kila siku. Martti Ahtisaari, ambaye wazee wengi wa Dar es Salaam wanamkumbuka kama balozi wa Ufini nchini mwetu katika miaka ya 1970, baadaye akawa Rais wa Ufini kuanzia 1994 hadi 2000, na 2008 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Kwa Kifini alikuwa *suurlähettiläänä Tansaniassa*, kisha akachaguliwa *presidentiksi*. Ile *-nä* ya kwanza ni esivu, ya kuwa katika cheo kwa kipindi fulani. Ile *-ksi* ni translativu, ya kugeuka kuwa kitu kipya. Na hiyo esivu ndiyo *-na* ya kale ya mahali niliyoitaja awali, ambayo bado imebaki katika *kotona*, nyumbani. Cheo nacho kilianza kwa kuchukuliwa kama mahali pa kukaa. Kwa Kiswahili, esivu huwa *akiwa balozi*, na translativu huwa *akachaguliwa kuwa rais*, na usiruhusu mojawapo iingie katika nafasi ya mwenziwe: *toimi pääministerinä* ni alihudumu akiwa waziri mkuu, *nimitettiin pääministeriksi* ni aliteuliwa kuwa waziri mkuu. Kwa wapiga kura wapya tofauti hiyo ni kati ya mtu aliyemo kazini na mtu anayeipokea kazi.

Msomaji wa Kibosho

Shikamooni wote. Mimi si mtaalamu wa lugha, nimesoma sheria, lakini mjadala huu umenirudisha kwenye sentensi moja ambayo naamini dada wa Sakina atakutana nayo, kwa kuwa maandishi mengi ya elimu ya uraia ya Ufini huinukuu. Ni kifungu cha 2 cha Katiba yao iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2000: *Valtiovalta Suomessa kuuluu kansalle, jota edustaa valtiopäiville kokoontunut eduskunta.* Naomba wenye ujuzi waisome kwa macho ya viambishi, maana naona humo mna *-ssa* na *-lle* mbili.

Swali langu ni la kisheria. Ibara ya 8 ya Katiba yetu ya 1977 inasema kwamba Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi. Katiba ya Ufini inatumia *kansalle*, ambayo kwa maelezo ya mwalimu ni ya kuelekea kwa watu, wala si ya kutoka kwao. Je, wanasema kinyume na sisi?

Mkalimani wa Usa River

Swali zuri sana, na jibu lake liko katika kitenzi *kuulua*. Kitenzi hiki kina sura mbili, na zote mbili ni za siasa. Kikifuatwa na ilativu, maana yake ni kuwa sehemu ya kitu: *kuulua puolueeseen* ni kuwa mwanachama wa chama, kuwamo ndani yake. Kikifuatwa na alativu, maana yake ni kuwa mali ya mtu au haki yake. *Valtiovalta kuuluu kansalle*: mamlaka ya dola ni ya watu. Laiti wangeandika *kansaan*, kwa ilativu, sentensi ingesema kwamba mamlaka ni sehemu ya taifa, jambo lisilo na maana katika sheria. Kwa hiyo hapa tofauti ya ndani na nje ndiyo inayobeba kanuni nzima ya nani mwenye nchi, na ninamkubalia mwalimu kwamba mahali hapajafa kila pahali.

Kuhusu ibara yetu ya 8, hatupingani nao. Katiba yetu inaeleza safari ya mamlaka, yaani yanatoka kwa wananchi kwenda kwa Serikali, na Mfini akiitafsiri angetumia ablativu, *kansalta*. Katiba yao inaeleza mamlaka ni ya nani yakiwa yametulia. Sentensi mbili, hali mbili za nje, mtu ni yuleyule.

Mwalimu wa Majengo, Moshi

Naongeza moja kuhusu *valtiopäiville*. Neno hilo ni la wingi, na kwa asili lilihusu siku za mkutano wa dola, yaani kikao chenyewe cha wawakilishi. Kukutana nako kwa Kifini ni mwendo, kwa hiyo *kokoontua* huchukua hali ya kuelekea: bunge limekuja pamoja kwenye kikao. Neno hilo liko kwa *-lle* kwa sababu ni tukio watu wanaloliendea, ilhali *eduskunta*, chombo chenye wajumbe, kingekuwa *eduskuntaan*. Sisi tutasema tu *lililokutana katika kikao*, na kitenzi *kukutana* kitabeba mwendo wote.

Mtafsiri wa Sakina, Arusha

Asanteni sana nyote. Kwa sentensi ya Katiba nimeandika hivi: *Mamlaka ya dola nchini Ufini ni ya wananchi, ambao wanawakilishwa na Bunge lililokutana katika kikao.* Nimechagua *ni ya wananchi* badala ya *yamo mikononi mwa wananchi*, kwa sababu hii ya pili ingeleta undani ambao Kifini hakikuuweka. Neno *nchini* nimelibakiza mbele ya jina la nchi, maana majina ya nchi kwetu hayachukui *-ni*, na bila neno hilo ile *-ssa* ya *Suomessa* isingekuwa na pa kukaa.

Orodha ya vitenzi nimeianza. Kwa sasa ina *kuulua* mara mbili, *jäädä*, *joutua*, *luottaa*, *vaikuttaa*, *osallistua*, *tutustua* na *äänestää*, kila kimoja na hali yake na mfano wake wa Kiswahili. Dada yangu ataipitia huko Tampere pamoja na wenzake, na wakikuta kitenzi ambacho sikukiweka nitakileta hapa.